Siku Niliyokusifu Manyamanyama

Siwazuri mwanangu,

Salamu sikuandikii. Uko ukuta wa pili tu, nakusikia unavyoburuta sanduku, na kwa upande wa salamu sisi wawili tumeshindwana tangu juzi. Leo asubuhi umeniamkia umegeukia dirishani, nami nikakuitikia marahaba nimegeukia cherehani, tukamaliza. Watu wazima wawili ndani ya nyumba moja.

Mama yako yuko uani anakukaangia maandazi ya safari. Amepita hapa dukani sasa hivi akanikuta na kalamu mkononi badala ya mkasi. Akaniuliza, "Baba Siwa, mtoto anaondoka kesho, wewe unaandika nini? Si umwite tu umwambie?" Nikamwambia naandika vipimo vya mteja. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akaondoka anacheka peke yake. Anajua vizuri sana kwamba vipimo vya wateja siandiki, naviweka kichwani.

Mambo ya kuchemsha maji, chandarua na kutopita vichakani giza likiingia sitayagusa. Mama yako ameyaimba wiki nzima mpaka mimi mwenyewe nayaota. Naandika kwa sababu ya maneno mawili niliyoyatamka juzi kwenye baraza hii, nawe ukayasikia ukiwa nyuma ya pazia na ndoo yako ya maji.

Mwalimu Perpetua alikuja kutoka Buswahili kumaliza mazungumzo ya wewe kwenda kumsaidia kwenye chekechea yake. Alikaa kwenye benchi la wateja, akanywa chai, akaniuliza kwa uso wa kazi: "Fundi, nambie ukweli wako. Huyu binti nikimwachiaga watoto wadogo peke yake, ataweza?" Nami nikajibu papo hapo, bila hata kuinua kichwa: "Huyu? Hawezi kitu, Mwalimu. Utajua mwenyewe pa kumweka." Perpetua alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. "Fundi! Miaka yote hii na bado unasemaga hivyo hivyo!" Nikacheka na mimi. Halafu nikaisikia ndoo inatuliwa chini kwa nguvu, na miguu yako inaondoka.

Tangu hapo hujanitazama usoni. Na ninavyokujua, unaweza kupanda gari kesho bila kunitazama, ukafika Buswahili, ukakaa na watoto wa watu mwaka mzima ukiamini kwamba baba yako anakuona hufai. Wazo hilo halinipi raha. Tangu asubuhi nimeshona mfuko wa suruali ndani nje, nikaufumua, nikaushona tena ndani nje.

Sasa nataka kukueleza maneno hayo yametoka wapi. Kipande kimoja unakijua, maana mama yako hukisimulia kila Sikukuu wageni wakikaa. Lakini yeye husimulia pale pa kuchekesha tu.

Kabla yako kulikuwa na Hamisi. Unajua alikuwepo, ila hatumzungumzi. Alikuwa mtoto wa kupendeza sana, na mimi nilikuwa baba kijana, fundi mpya mjini, mjinga kwa furaha. Nilimshonea kanzu ndogo kwa kipande kilichobaki kwenye kanzu ya mteja, nikamweka hapa hapa barazani kila anayepita amwone. Akawa anahesabu, anasoma alifu na be, anaimba. Nilimwita mbele ya watu, "Hebu Hamisi, wasomee," naye anawasomea. Akaja jamaa mmoja wa upande wa babu yako, wa kutoka Tabora, akamshika kichwa akasema huyu atakuwa mtu mkubwa, sijapata kuona mtoto kama huyu. Ndani ya wiki ile ile Hamisi akashikwa na surua. Hakufika miaka minne.

Najua surua ilichukua watoto wengi msimu ule, hata wa watu ambao hawakuwahi kumsifia mtoto wao. Najua. Mama yako amenieleza, daktari alinieleza, hata wewe ulipofika kidato cha tatu ulinieleza na mchoro. Kichwa kinakubali. Lakini moyo wangu ulijifungia kitu siku ile, na ufunguo nikautupa ziwani.

Ulipozaliwa wewe, nikakupa jina ambalo jicho la mtu likikuangukia lisisimame. Mama yako alitaka Zaituni. Nikakataa. Ukitoka nje nilikupaka masizi kidogo kwenye paji la uso. Mtu akisema "Una mtoto mzuri, Fundi," ninajibu haraka, "Mbaya tu huyu," halafu natema mate pembeni. Na wewe mwenyewe, ulipoanza kusema, nikakufundisha somo moja kubwa kuliko yote: wageni wakija, kaa chini ya meza, nyamaza, usijionyeshe.

Kumbuka pia miaka yenyewe ilikuwa ipi. Maduka yalikuwa meupe. Sabuni foleni, sukari foleni, kitambaa ndiyo usiseme, nilikuwa nashona nguo za watoto kwa magunia ya unga wa msaada. Kila mtu alikuwa anaficha. Ukiwa na kilo mbili za sukari unazifukia kwenye pumba, maana jirani akiziona kesho utaitwa mlanguzi. Mimi makopo yangu ya vifungo nilikuwa nayaficha chini ya sakafu ya mbao, vifungo tu. Tulizoea hivyo: kitu kizuri mahali pake ni gizani. Nami nikakuweka wewe chini ya meza ya kukatia, karibu na makopo.

Na hapo chini ya meza, Siwa, ndipo ulipokuwa unafanya mambo ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Nitayasema baadaye. Mkono bado haujapata nguvu.

Mama yako ndiye aliyekupeleka chekechea, ile ya hapa hapa Makoko. Mimi sikutaka, akanishinda. Mwalimu Perpetua alikuwa msichana tu wakati huo, ametoka masomoni, mtoto wa wavuvi wa kule kwenye rasi, na alikuwa na jambo lake jipya. Sisi tulipokuwa wadogo mtoto alipimwa kwa mkono: unaupitisha juu ya kichwa, ukishika sikio la upande wa pili umeiva kwa darasa la kwanza, usiposhika rudi nyumbani kachunge. Perpetua hakutaka. Alituita wazazi wote akasema, "Mimi mtoto namwonaga asubuhi tu. Kwa hiyo namjua nusu, nusu ingine mnayo nyinyi. Kila Jumamosi nitakaa na mzazi mmoja na mtoto wake hapa kwenye mkeka. Tutamwangalia pamoja, mtanambia nyumbani anafanyaga nini, halafu tutakubaliana wote kama anaenda la kwanza au bado."

Ilikuwa njia nzuri. Hata leo nasema ilikuwa nzuri, tena adabu. Hakuna mwalimu aliyewahi kumwuliza fundi cherehani anajua nini kuhusu mwanawe.

Ilipofika Jumamosi yangu, nikaenda na wewe umeshika kanzu yangu. Ukaketi kwenye mkeka kama mzigo. Mwalimu akakuwekea visoda vya kuhesabia, ukaviangalia. Akakupa kikombe cha uji, ukakiangalia. Akakuuliza jina lako, ukatazama vidole vya miguu. Pembeni kuna benchi limejaa wazazi wanaosubiri zamu zao, na masikio yote yamegeuzwa kwetu. Perpetua akanigeukia mimi. Akaniuliza kwa heshima kabisa, "Na nyumbani, Baba Siwazuri? Anaweza nini?"

Mbele ya benchi lile, ningesemaje? Nikajibu kama nilivyomjibu kila mtu: "Hawezi kitu, Mwalimu. Mzito tu huyu. Anakaa chini ya meza kutwa." Nikatema mate pembeni. Mama mmoja kwenye benchi, mtu wa mjini kama sisi, akatikisa kichwa kwa kunielewa. Alijua nasema nini. Lakini Perpetua hakulelewa kwetu. Kwao baba akiulizwa habari za mwanawe husema ilivyo. Na masomoni walimfundisha kwamba hakuna anayemjua mtoto kuliko mzazi. Akaniamini.

Nikaenda zangu nimeridhika. Nilijiona nimekulinda.

Siku chache baadaye akaja hapa dukani, amevaa nguo ya kanisani, na macho yamelowa. Akakaa kwenye benchi lile lile la juzi. Akasema, "Baba Siwazuri, tulikubaliana mimi na wewe kwamba huyu mtoto ana tatizo. Toka Januari hajasema neno hata moja kwangu, na wewe umesema nyumbani ni hivyo hivyo. Nimemwombea nafasi kwa masista kule Bunda, Manyamanyama. Wana darasa la watoto wasiosikia na wasiosema. Wanalalaga huko huko. Wamekubali."

Ulikuwa chini ya meza hii ninayoandikia. Nakumbuka, maana uliacha kucheza.

Nikaruka. Nikamwambia hapana, Mwalimu, huyu anasema, anasikia, ana akili kuliko mimi! Nikayasema kwa sauti ya chini, ya haraka, huku natazama mlangoni kama ninamuuzia sukari ya magendo. Na Perpetua, maskini, akanishika mkono akasema, "Fundi, naelewa. Wazazi wengi wanafichaga. Wanaonaga aibu. Hakuna aibu hapa." Nikazidi kusema, akazidi kunihurumia. Nikakuita utoke useme jina lako. Ukatoka, ukamwona mgeni, ukanyamaza kama nilivyokufundisha.

Mama yako aliposikia, sikuwahi kumwona vile. Hakupiga kelele. Alichukua kopo la vifungo akalimwaga lote sakafuni mbele yangu. "Mmoja nilimzika," akasema. "Huyu wa pili utamzika wewe akiwa anapumua. Nenda huko Bunda walikokwisha kumwandika kuwa bubu, na ukifika huko useme. Useme mbele ya watu. Ukirudi bila yeye usipite mlango huu."

Tulikwenda na lori la pamba lililokuwa linarudi tupu, mimi, wewe na Perpetua, ambaye alikuwa amejitolea kutusindikiza. Njia nzima niliyapanga maneno na kuyapangua. Perpetua alikuwekea khanga yake kichwani vumbi lisikuingie. Alikuwa anakupenda, hilo ujue. Alikuwa anakupeleka kubaya kwa upendo mtupu, kwa sababu mimi nilimpa nusu yangu ikiwa imeoza.

Manyamanyama tukakuta nyumba safi, na watoto wanacheza uani. Nilikuwa nimejiandaa kuona kitu cha kunitisha. Walikuwa wanasimuliana kwa mikono na kucheka, mmoja akakupa nusu ya ndizi yake. Wale watoto walikuwa mahali pao na walikuwa salama. Wewe ndiye ungekuwa umepotea hapo, usiku na mchana, bila mama, kwa kesi niliyoitunga mimi.

Sista mkubwa akatuketisha kwenye veranda, na watu wengine wapo, wazazi, mpishi, wachuuzi wawili wa mihogo. Akauliza, "Baba, mtoto ni wako. Sema wewe kwanza."

Nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama. Nikashika nguzo. Nikaanza kukusifu, Siwazuri. Nikasema mwanangu anatunga uzi kwenye sindano kabla mimi sijapata miwani. Nikasema anajua kitambaa cha kila mteja, ukimletea suruali iliyokatwa vipande anakuambia ni ya nani. Nikasema ananikumbusha nani nimemwahidi Ijumaa. Kila sentensi nilikuwa nahisi kama nafungua mlango na nje kuna simba. Nikamkumbuka Hamisi. Machozi yakaanza, nikaendelea hivyo hivyo, nikawa napiga kelele sasa, wachuuzi wa mihogo wamesimama wananitazama. Nikasema vifungo vyangu vyote anavipanga yeye, vikubwa peke yake, vidogo peke yake, vya mfupa na vya plastiki anaviweka pamoja kwenye kopo la...

"Havikai pamoja, baba."

Sauti ilitoka huku chini, nyuma ya goti langu.

"Vya mfupa vina kopo lao," ukasema. "Vya plastiki vikipigwa pasi vinayeyuka."

Mama yako hapa ndipo huwa anamalizia, wageni wanapiga makofi. Sasa sikiliza kilichofuata. Perpetua alipiga magoti mbele yako. Akasema, "Kumbe unaongeaga! Na shuleni kwangu mbona hujawahi kuongea?" Uliinua uso ukanitazama mimi. Ulikuwa unaomba ruhusa. Nikatikisa kichwa kukubali, ndipo ukamwambia, pole pole, kwamba baba amesema usijionyeshe kwa watu.

Perpetua alijifunika uso kwa mikono. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Mwaka mzima mtoto wa miaka mitano alikuwa anatii. Alikuwa anaona wenzake wanaimba na kujibu, na yeye majibu anayo, anayameza kwa sababu baba alisema.

Nimesimama kidogo. Kuna kijana ameingia na suruali ya mtumba anataka niipunguze miguu. Siku hizi kazi yenyewe ndiyo hiyo, kupunguza nguo za wazungu walionenepa. Ananisifia suruali yake, eti angalia Fundi, hii ni orijino, angalia lebo. Huko nje kamba za mitumba zimetandazwa barabara nzima na kila mtu anapigia kelele mali yake. Nchi imeacha kuficha, Siwa. Sukari iko mezani, sabuni ziko za rangi zote. Nimebaki mimi na makopo yangu. Nimemwambia kijana arudi Jumatatu.

Sasa kipande ambacho hakisimuliwi Sikukuu. Tuliporudi kutoka Bunda jioni ile, ulianza kutetemeka kwenye lori kabla hatujafika Musoma. Homa kali. Nilikuwa nimekusifu mchana, mbele ya watu, kwa sauti kubwa, na jua halijazama umeshikwa. Vidonge vya malaria vilikuwa havipatikani, nilivipata kwa kuomba, nyumba kwa nyumba. Siku zile nilizokukalia pembeni, nilisema na Mungu peke yangu. Nikamwambia, niachie huyu na sitamsifu tena mpaka nife.

Ulipona. Mama yako akasema malaria imeisha. Mimi nikasema nimewekeana ahadi na Mungu.

Na hapo ndipo nilipoharibu mara ya pili, na safari hii kwa miaka mingi. Chekechea ulisema, shule ulisema, ukawa unasema mpaka walimu wanakuomba unyamaze. Lakini kwangu hukupata neno. Ulipokuja na matokeo ya darasa la saba umeyashika kwa mikono miwili, nilisema, "Watakuwa wamekosea kusahihisha." Nilidhani nafanya utani. Niliuona uso wako, nikageukia cherehani. Ulipomaliza kidato cha nne nilisema bahati tu. Nilikushonea nguo nzuri kila mara ulipofaulu, nikadhani utaisoma ile mishono. Sasa naona mtoto hawezi kusoma mishono. Mtu anataka kuambiwa.

Nakwambia haya pia kwa sababu ya kazi unayoiendea. Huko Buswahili watu ni wakulima na wafugaji, na wazazi wengi utakaokaa nao kwenye mkeka watakuwa mimi. Utawauliza mtoto anaweza nini, na baba atasema hawezi kitu, mama ataangalia chini. Usikimbilie kuamini. Na usiwaone waongo. Perpetua mwenyewe aliniambia juzi, kabla sijaharibu, kwamba tangu siku ya Manyamanyama aliacha swali lile. "Siku hizi siulizagi anaweza nini," akasema. "Naulizaga mnamtumaga nini, na anawaudhigi wapi. Hapo wanafunguka!"

Nilipomsikia nikaona kweli, hata mimi angeniuliza hivyo ningejibu. Ningelalamika. Ningesema huyu mtoto ananisumbua, nikikosea kopo la vifungo ananifuata mpaka nirudishe. Baba wa huko akilalamika kwamba mtoto aliwaachia ndama wakaingia kwenye mihogo, ujue kuna mtoto mdogo anayekabidhiwa ndama. Mama akilalamika kwamba binti anajibu watu hovyo hodi ikipigwa, ujue huyo anasema, hata kama kwako ni bubu. Na mtoto akinyamaza kwenye mkeka, mtazame anamtazama nani kabla ya kunyamaza. Nenda nyumbani kwao. Kaa uani, menya viazi nao, usiulize kitu. Na benchi la wanaosubiri liweke mbali, Siwa. Lile benchi ndilo lililotuponza.

Nawe usije ukakubaliana na mzazi upesi upesi. Mimi na Perpetua tulikubaliana vizuri sana.

Mama yako amepita tena. Ameweka andazi moja la moto juu ya cherehani akaondoka. Jua linateremka na bado sijaandika kilichonifanya nikae chini. Nimeinuka mara ngapi, nimekunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa, nimefagia. Kesho una safari. Ile barabara siiamini hata kidogo. Nafsi inaniambia ngoja, usiseme leo, sema akishafika, mwandikie kwa posta. Nimeisikiliza nafsi hiyo miaka mingi, na juzi imenitoa yale maneno mawili mbele ya mwalimu wako. Leo siisikilizi.

Basi sikiliza.

Unaweza. Unaweza kukaa na watoto wadogo kuliko mtu yeyote ninayemjua, nimekuona na wa jirani wakikulilia, unakaa chini sakafuni kwanza ndipo unauliza. Unamjua mtu kakasirika kabla hajajua mwenyewe. Mama yako alipofanyiwa upasuaji, ulikuwa darasa la sita, ukaendesha nyumba hii, ukapika, ukamwogesha, na jioni ukaja kunikumbusha nimemwahidi nani Ijumaa, na sikuwahi kukuambia ahsante, nilikuambia chumvi imezidi. Haikuzidi. Una akili ambayo sijui umeirithi wapi, labda kwa bibi yako. Una kichwa kigumu, hicho najua umekitoa wapi. Matokeo ya darasa la saba hawakukosea kusahihisha. Niliyapeleka msikitini yamekunjwa ndani ya kofia, nikaswali nayo kichwani. Kidato cha nne haikuwa bahati. Unapoimba unafua, napunguza kukanyaga pedeli ili nikusikie, na mteja akiniuliza mbona nimepunguza mwendo nasema mkanda umelegea. Wewe ni mzuri. Uso wako ni mzuri, na masizi yale hayakuweza kuuficha hata siku moja. Najivunia wewe mpaka naogopa, na naogopa mpaka nimekuumiza.

Nimetema mate kidogo pembeni. Usicheke. Kuna mambo hayatoki kwa siku moja.

Jina lako sitakuomba ulibadilishe, umeshalizoea, na watoto wa Buswahili watalipenda. Ila ujue kwamba mama yako alitaka Zaituni, na siku hizi, nikiwa peke yangu na mashine, wakati mwingine nakuita hivyo.

Barua hii nampa mama yako akuletee na maandazi. Huenda nimeeleza vibaya, maana nimezoea kupima watu mabega na si kuwaeleza. Huenda kuna mahali nimeweka pamoja visivyokaa pamoja. Kama nimefanya hivyo, njoo unisahihishe, kama ulivyonisahihisha siku ile Manyamanyama. Pazia nimelifunga juu. Miguu nimeitoa kwenye pedeli, niweze kusikia ukija.

Baba yako